Bandari na Sisi Watu wa Milimani

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi letu, Tukuyu)



Jambo tuliloagizwa kulieleza ni habari za Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, jinsi shehena yake inavyozidi mwaka hata mwaka, na mipango ya kuzitengeneza bandari zetu. Huenda baadhi yenu wakauliza, Tukuyu na bandari wapi na wapi? Hapa petu pana mvua, migomba na mashamba ya chai. Bahari iko mbali, zaidi ya kilometa 800 kutoka Mbeya, na wengi katika wazee wetu waliishi na kufa bila kuiona. Swali hilo ni la haki, nasi twapenda kulijibu kabla ya kwenda mbele.

Wilaya yetu ya Rungwe imekaa baina ya milango miwili. Mlango wa juu ni barabara iendayo Uyole, na toka huko hata Dar es Salaam. Mlango wa chini ni barabara ile ile ishukayo kwenda Kyela, ambayo huteremka zaidi ya mita 1,000 mpaka Ziwa Nyasa, zilipo bandari za Itungi na Kiwira. Bandari hizo za ziwani zi chini ya Mamlaka ile ile inayosimamia Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Zamani Kyela ilikuwa sehemu ya wilaya hii, kwa hiyo Itungi ilikuwa bandari ya Rungwe hasa. Tena malori yapelekayo mizigo Malawi hupita katikati yetu kwenda Kasumulu, usiku na mchana. Basi mtu wa Tukuyu asemaye kwamba bandari haimhusu ni kama mtu aliyejenga njiapanda akasema kwamba njia hazimhusu.

Neno letu la leo ni hili. Hesabu ya tani zilizopita bandarini ni hesabu njema, na inapozidi yafaa tufurahi. Lakini peke yake haitoshi. Kila mwaka inaposomwa yatupasa kuuliza maswali matatu: Je, mzigo ulingoja siku ngapi? Je, katika tani hizo zetu ni ngapi? Na je, mlango wetu wa ziwani u katika hali gani? Maswali hayo hayajibiwi na winchi wala na meli. Hujibiwa na daftari, na daftari ni kazi yetu sisi makarani.

Tutazame kwanza mambo yalivyokuwa. Wajerumani walipoanza kutawala upande huu, mwanzo wa miaka ya 1890, mlango wao ulikuwa ziwa. Meli yao, Hermann von Wissmann, ililetwa vipande vipande kwa njia ya mito Zambezi na Shire, ikaunganishwa na kuelea katika Nyasa. Kituo chao cha kwanza kiliitwa Langenburg, kando ya ziwa. Walipohamia huku juu wakaita Tukuyu Neu-Langenburg, maana yake Langenburg Mpya. Hivyo mji huu wenyewe ulipata jina lake la kigeni kutoka pwani ya ziwa. Mwezi wa Agosti 1914, vita vilipoanza, meli hiyo ilipigwa na Waingereza huko Liuli.

Dar es Salaam nayo ilianza kwa udogo. Sultani Majid wa Unguja aliianza kuijenga katika miaka ya 1860 kwa sababu ya uzuri wa bandari yake iliyofichika. Hata hivyo kwa muda mrefu meli kubwa zilitia nanga katikati ya maji, na mizigo ikashushwa katika matishari, kisha matishari yakaletwa ufukoni, na makuli wakapakua kwa mabega. Gati za kwanza za maji marefu, zilizokuwa tatu, zilifunguliwa mwaka 1956. Baadaye likaja bomba la mafuta la kwenda Zambia, mwaka 1968, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, iliyomalizika mwaka 1975. Mambo hayo mawili yaligeuza bandari ya Dar es Salaam ikawa bandari ya nchi nyingi.

Malawi nayo ilikuja kwa shida yake. Katika miaka ya 1980, vita vya Msumbiji vilipofunga njia zake za kwenda Nacala na Beira, ilibidi itafute bahari upande wa kaskazini. Ndipo likaja shauri la kuwa na vituo vya mizigo ya Malawi Dar es Salaam na Mbeya, mzigo utoke meli uingie reli, kisha kutoka Mbeya uende kwa lori kupita hapa kwetu. Tangu hapo Tukuyu imekuwa kituo katika njia ya bahari ya nchi nyingine.

Kuhusu utawala, bandari zetu zilikuwa pamoja na za Kenya mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Kisha ikaundwa Mamlaka ya Bandari ya Tanzania. Kwa sheria ya mwaka 2004, Mamlaka ya sasa ikashika mahali pake, ikaanza kazi mwezi wa Aprili 2005.

Sasa tuje kwenye hesabu. Mwaka 2016 bandari ya Dar es Salaam ilipitisha tani karibu milioni 14. Katika mwaka wa fedha 2023/24 zilipita zaidi ya milioni 20. Ongezeko hilo halikuja kwa bahati. Meli iliyobeba mzigo mwingi huzama zaidi ndani ya maji, na kama gati haina kina cha kutosha meli hiyo haiwezi kuja, au huja nusu tupu. Meli ndogo ina gharama kubwa kwa kila tani, na gharama hiyo hulipwa na mnunuzi wa mwisho. Kwa sababu hiyo mwaka 2017 ulianza mradi mkubwa wa Dar es Salaam, uliokadiriwa dola milioni 421, na katika hizo mkopo wa Benki ya Dunia ulikuwa milioni 345. Kazi yake ilikuwa kuimarisha gati namba 1 mpaka 7 na kuzichimba zifikie kina cha mita 14.5, kujenga gati ya kushushia magari, na kuongeza kina cha mlango wa kuingilia meli.

Baada ya kazi ya mawe na maji ikaja kazi ya mikataba. Mwezi wa Juni 2023 Bunge liliridhia mapatano baina ya Tanzania na Dubai juu ya bandari. Mjadala ulikuwa mkali nchini kote, na shauri la kuyapinga mapatano hayo lilisikilizwa karibu nasi, katika Mahakama Kuu ya Mbeya, iliyolitupa tarehe 10 Agosti 2023. Mwezi wa Oktoba mwaka huo mikataba ya miaka 30 ikatiwa sahihi na kampuni ya DP World kwa sehemu ya gati za Dar es Salaam. Mwezi wa Mei 2024 gati namba 8 mpaka 11, ambazo ni za makasha, nazo zikapata mwendeshaji wa miaka 30, kampuni ambayo wenye hisa zake ni pamoja na Adani wa India na AD Ports wa Abu Dhabi.

Hatukuja hapa kushika upande katika mjadala ule. Wapo waliosema kwamba mgeni atakuja na ujuzi na vyombo, na wapo waliosema kwamba mwenye nyumba asimpe mgeni funguo zote. Lakini jambo moja ni dhahiri kwa pande zote mbili. Kwa mpango huu Mamlaka imekuwa zaidi mwenye ardhi na msimamizi, na kupakua mizigo katika gati hizo ni kazi ya mwingine. Msimamizi asiyekuwa na hesabu yake mwenyewe hana anachosimamia. Mwendeshaji akisema kwamba amefanya kazi vema, ni nani atakayejua? Ni yule karani aliyeandika meli ilifika lini, ilingoja siku ngapi, na ilipakuliwa kwa saa ngapi.

Hapo twaingia katika swali la kwanza, yaani siku za kungoja. Mwaka 2013 Benki ya Dunia ilitoa taarifa yake kuhusu bandari ya Dar es Salaam. Ilieleza kwamba katikati ya mwaka 2012 meli zilikuwa zikingoja kiasi cha siku 10 kabla ya kufika gatini, na mzigo ukakaa siku 10 nyingine kabla ya kutoka. Ilikadiria kwamba ucheleweshaji na upungufu huo uliipotezea Tanzania dola bilioni 1.8 kwa mwaka, na jirani zetu milioni 830.

Hasara hiyo hufikaje Rungwe? Tuchukue mfuko wa mbolea. Sehemu kubwa ya mbolea ya viwandani tuitumiayo hutoka ng'ambo. Meli ikingoja, mwenye meli hutoza malipo kwa kila siku. Aliyeagiza mbolea huyatia malipo hayo katika bei. Mwenye duka la jumla Mbeya hununua kwa bei hiyo, na mwenye duka dogo wa Tukuyu au Kiwira au Lwangwa huongeza yake. Mkulima wa viazi hulipa yote bila kujua kwamba alilipa pia siku ambazo meli ilikuwa imelala baharini. Tena mbolea haina subira. Ikifika baada ya mvua za kupandia, mfuko ule ule uliolipiwa kwa bei kubwa haufanyi nusu ya kazi yake.

Wenzetu, siku zile za kungoja si zote za upungufu wa gati. Nyingine ni za karatasi. Kila kasha lina hati zake za shehena, za kodi, za ukaguzi, za afya ya mimea au ya chakula. Karani mmoja akiiacha hati mezani siku mbili, kasha limelala siku mbili. Na karani asiye mwaminifu ni hatari kuliko aliye mvivu. Mwezi wa Novemba 2015, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipofika bandarini Dar es Salaam, iliambiwa nchi kwamba makasha 349 yalikuwa yametolewa bila kulipiwa ushuru, na kodi iliyokosekana ilikadiriwa shilingi bilioni 80. Makasha hayo hayakuruka ukuta. Yalitoka kwa lango, na langoni hupita kitu kilicho na karatasi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa twaona kwamba mali hupotea hata penye daftari, kama mwenye kuliandika hana moyo wa kazi.

Swali la pili ni hili: katika tani hizo zetu ni ngapi? Sehemu kubwa ya mzigo wa Dar es Salaam ni wa nchi jirani, Zambia na Kongo na Malawi na nyinginezo. Wako wasemao kwamba mzigo upitao hautufai kitu, maana watuachia vumbi na barabara zilizobomoka. Hawasemi uongo kuhusu barabara. Lakini mzigo wa jirani hulipa ushuru wa bandari, huwapa kazi madereva na mafundi na wenye hoteli, na huzivuta meli kubwa ambazo kwa Tanzania peke yake zisingekuja. Meli hizo zikija, mzigo wetu nao hupata nafasi kwa nauli nafuu. Shida yetu ni kwamba mara nyingi hatuna mzigo ulio tayari kuingia katika nafasi hiyo.

Tazameni chai yetu. Kwa miaka mingi chai ya Tanzania iliyouzwa kwa mnada ilipelekwa Mombasa, na chai iliyochumwa na wakulima wetu wa Rungwe ikatiwa katika hesabu za bandari ya nchi nyingine. Mnada wa chai wa Dar es Salaam ulianzishwa Novemba 2023. Ukisimama imara, chai yetu itasafiri katika njia yake ya asili, na kila mkulima atakuwa na sehemu yake katika zile tani zinazotangazwa. Usiposimama, chai itarudi kwenye njia ya mbali, ambayo nauli yake hukatwa katika bei ya majani mabichi. Parachichi nazo ni vivyo hivyo. Rungwe imekuwa mojawapo ya wilaya zinazojulikana kwa parachichi za kupeleka ng'ambo. Lakini tunda hilo lataka makasha ya baridi, umeme wa hakika bandarini, na hati ya afya ya mimea iliyotolewa kwa wakati. Chai yaweza kungoja wiki. Parachichi ikingoja wiki juani haina mnunuzi.

Kwa hiyo, mpango wowote wa bandari ukisomwa, tusitazame idadi ya winchi tu. Tutazame kama pana mahali pa kuhifadhia matunda kwa baridi, na kama mkulima wa Rungwe ametajwa popote katika karatasi hizo.

Swali la tatu ni la mlango wetu wa chini. Mwaka 2017 ziliingizwa majini hapo Itungi meli mbili za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ikiweza kubeba tani 1,000. Baadaye ikaja MV Mbeya II, ya abiria 200 na mizigo tani 200. Zote ziliundwa hapa nchini na mafundi wa Songoro, jambo la kujivunia. Upande wa Ruvuma, kazi ya kujenga bandari mpya ya Mbamba Bay ilikuwa imekwisha kuanza mwaka 2024. Tufanye hesabu ndogo. Lori moja likibeba tani 30, meli ya tani 1,000 hubeba mzigo wa malori zaidi ya 33. Saruji au mahindi au makaa ya mawe yakienda kwa meli, malori 33 hayapiti juu ya barabara yetu, na daraja letu na watoto wetu waendao shule hupata nafuu.

Lakini meli kubwa haifai kitu penye maji mafupi. Itungi husumbuliwa na mchanga na tope linalojaa mahali pa meli, na hii ni sababu mojawapo ya mizigo kupakiwa zaidi Kiwira. Tope hilo latoka wapi? Wenzetu, latoka kwetu. Mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo hupata maji yake katika milima ya Rungwe na nchi ya Busokelo, kisha huteremka kwa nguvu hata ziwani. Mvua zetu ni nyingi kupita za sehemu karibu zote za Tanzania. Tukilima mpaka ukingoni mwa mto, tukikata miti ya kando, tukilima kufuata mteremko badala ya kuukingama, mvua huchukua udongo ule mweusi unaotulisha na kuushusha katika bandari yetu. Mkulima hupoteza shamba lake, na Serikali hulipa fedha ya kuchimba udongo uo huo chini ya maji. Hasara ni mbili kwa kosa moja.

Basi, tufanye nini sisi watumishi wa ofisi, ambao hatuna meli wala fedha? Twaleta mashauri manne mbele ya mkutano huu.

Kwanza, wenzetu walio katika ofisi za kilimo, ushirika na biashara waweke kila mwaka hesabu moja ya mzigo wa wilaya: tani za chai, za parachichi, za viazi, za ndizi na za kahawa zilizotoka, na zilitoka kwa njia ipi. Bila hesabu hiyo hatuwezi kudai kitu, maana hatujui tulicho nacho.

Pili, kila hati ya mzigo ifikayo mezani kwetu itoke siku ile ile. Kama haiwezi kutoka, mwenye mzigo aelezwe sababu kwa maandishi na siku ya kurudi. Karani wa Tukuyu hana uwezo juu ya foleni ya meli, lakini ana uwezo juu ya foleni ya meza yake.

Tatu, wanachama walio katika ofisi za kilimo, misitu na maji wasaidie kuwaeleza watu wa vijijini kwamba ukingo wa mto si shamba, na kwamba udongo upoteao Masoko au Lufilyo hauishii hapo.

Nne, chama chetu kiandike barua ya adabu kwa Mamlaka, kuomba kwamba taarifa yake ya kila mwaka kuhusu bandari za Ziwa Nyasa iletwe pia katika ofisi za wilaya hii, ili wananchi waisome. Bandari ni mali ya umma, na mali ya umma ina wenyewe, hata wakiwa mbali na bahari.

Twajua kwamba wengine watasema mashauri haya ni madogo mbele ya mradi wa mamilioni ya dola. Ni madogo kweli, lakini yote yamo katika uwezo wetu, na hayahitaji ruhusa ya mtu yeyote ila bidii. Gati yenye mita 14.5 za maji imekwisha gharimiwa, na deni lake litalipwa na nchi nzima, pamoja na mkulima wa Rungwe. Haki yake ni kupata faida yake.

Mwenyekiti, tumefika mwisho wa maneno yetu. Walio na habari zaidi za Itungi na Kiwira, hasa wenzetu waliopata kufanya kazi Kyela, twawaomba wasimame watuongezee. Na aliye na shauri jema kuliko haya alitoe sasa, ili katibu aliandike kabla mkutano haujafungwa.